Taa ya mafuta ya moteri: ile unaweza kuzima mwenyewe na ile haupashwi kuzima

Wandugu, kila mara mmoja wetu anaponunua gari yake ya kwanza, nyuma ya miezi michache swali linakuja, na linakuja karibu kwa maneno yale yale: « Taa ya mafuta inawaka kwenye tablo. Naweza kuizima vipi mimi mwenyewe nyumbani, bila kulipa fundi? » Swali ni zuri. Jibu lake ni kazi ya dakika mbili na nitalitoa hapa chini. Lakini kuko swali lingine ambalo linapashwa kutangulia: unasema taa gani? Juu kwenye tablo za magari mingi kunaweza kuwa taa mbili zinazosema mambo ya mafuta ya moteri, na hazisemi kitu kimoja hata kidogo. Moja ni kikumbusho tu: « wakati wa vidanje umefika. » Ingine inasema moteri iko katika hatari sasa hivi, dakika hii. Ya kwanza unaizima kwa kidole. Ya pili haina fasi ya kuizima, na mtu anayetafuta namna ya kuizima anatafuta namna ya kuua moteri.

Mimi si fundi, nilisomea agronomia. Ila kazi ya agronomia kwetu Kivu ni kazi ya barabara, na mtu anayeshuka milima ya Ngomo kuelekea Kamanyola kila wiki anajifunza tablo ya gari hata kama hakupenda. Tena wengi wetu tunajua vile gari ya kwanza inanunuliwa: pesa kidogo ya mshahara, pesa ya kaka mkubwa, pesa ya likelemba, na shangazi mmoja anayetazamia kurudishiwa. Gari inaingia kazi ya taksi. Moteri ikikufa, si gari tu inasimama, ni deni linabaki bila mtu wa kulilipa. Njo maana sitaki kuandika tu « bonyeza hapa, shikilia pale ».

Tuanze na kikumbusho. Kwenye Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Marekani (Corolla, Camry, RAV4 zenye usukani kushoto) ni maandishi ya rangi ya chungwa: MAINT REQD. Hakuna kitu kinachopima mafuta nyuma ya hiyo taa. Nyuma yake kuko hesabu tu. Kompyuta ya gari inahesabu umbali tangu siku mtu alipoirudisha kwenye sifuri. Karibu na maili 4500 inaanza kuwaka-waka kwa muda kidogo unapofungua kontakti, na kwenye maili 5000, ni kusema kilomita karibu 8000, inawaka na inabaki. Ni yote. Unaweza kuwa umemwaga mafuta jana na kutia mapya ya bei kali: kama hakuna mtu aliyerudisha hesabu kwenye sifuri, taa itaendelea kuwaka. Na kinyume chake ni kweli pia: unaweza kuwa na mafuta ya miaka mbili, nyeusi, mazito sawa lami, na taa imezimika vizuri juu mtu aliibonyeza mwezi uliopita.

Sasa namna ya kuizima. Simamisha gari fasi ya sawasawa, vuta breki ya mkono. Fungua kontakti bila kuwasha moteri, kisha angalia fasi ya kilomita. Kuko kijiti au kibonyezo kidogo kinachobadilisha kati ya ODO, TRIP A na TRIP B. Kwenye Toyota za zamani kidogo, kama Corolla za 2003 hadi 2008, acha ionyeshe ODO, ile hesabu kubwa ya kilomita zote. Kwenye zile za nyuma ya hapo, acha ionyeshe TRIP A. Funga kontakti. Bonyeza kile kibonyezo na ukishikilie, kisha, bila kukiachilia, fungua tena kontakti. Moteri isiwake. Endelea kushikilia. Utaona tablo inahesabu kidogo, kisha inaonyesha sifuri zote, 000000, na taa inazimika. Achilia. Ukiachilia mapema, ao ukiwasha moteri katikati, haitakubali: rudilia tangu mwanzo. Kwa gari isiyo na ufunguo wa kuzungusha, fungua kontakti kwa kubonyeza kibonyezo cha START mara mbili bila kukanyaga breki.

Honda za soko lile lile ziko na akili zaidi. Zinaonyesha asilimia ya uzima wa mafuta, kutoka 100 kushuka, na hesabu yake inaangalia pia namna moteri ilivyotumika na joto lake, si umbali peke yake. Kwenye Civic za 2006 hadi 2011 unafungua kontakti, unabonyeza SEL/RESET mpaka asilimia ionekane, unashikilia sekunde karibu 10 mpaka ianze kupepesa, unaachilia, unashikilia tena sekunde 5, na inarudi 100. Lakini hata Honda haijui kama kweli ulibadilisha mafuta. Inakuamini tu.

Kwa alama zingine, fungua kitabu cha gari. Hata kama kiko Kiingereza ao Kijapani, picha za tablo zinatosha mara mingi.

Kitu kimoja sipendi kuona: watu wanaotoa waya ya batri eti ili « kufuta taa ». Hesabu hii imewekwa ili ibaki hata bila umeme, basi mara mingi unarudisha batri na taa bado iko pale. Na unaweza kupoteza kingine: baadhi ya radio za magari kutoka Japani zinajifunga batri ikitolewa na zinaomba kodi ambayo hakuna mtu Bukavu aliye nayo. Umeanza na taa, unamaliza bila muziki.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo watu wanaruka. Magari mingi ya kwetu mashariki yanatoka Japani, usukani kulia, yamepita Dar es Salaam ao Mombasa. Na hayo, mara mingi, hayana ile taa ya MAINT REQD hata kidogo. Ilikuwa kitu cha wateja wa Marekani. Kwa hiyo, kama gari yako ni usukani kulia na unaona taa yenye umbo la birika dogo lenye tone mbele ya mdomo, na rangi yake ni nyekundu, hakuna hesabu ya kurudisha kwenye sifuri. Hauna kitu cha kubonyeza. Uko mbele ya taa ya pili.

Taa nyekundu inafanya kazi namna hii. Chini ya moteri kuko karteri, ile sahani kubwa ambamo mafuta yanakaa. Pampu inayozungushwa na moteri yenyewe inafyonza mafuta, inayapitisha kwenye filta, inayasukuma kwa presioni mpaka kwenye vyuma vinavyozunguka. Kati ya vilbreke na kusineti zake kuko nafasi ndogo sana, na ndani ya nafasi ile ni utando wa mafuta njo unabeba uzito wote. Chuma hakigusi chuma. Utando ukikosa, vinagusana, vinapata moto, kusineti inaanza kuliwa, na unasikia ile sauti ya kugonga ambayo kila shofere anaiogopa. Hakuna fundi anayerudisha hiyo kwa spana mbili. Ni kufungua moteri yote, ao kutafuta moteri ingine.

Kwenye moteri kuko manokontakti, kifaa kidogo kinachosikia presioni ya mafuta. Presioni ikishuka chini sana, karibu na nusu ya bari ao hata chini ya hapo, kinawasha taa nyekundu. Angalieni vizuri: moteri iliyo barabarani inafanya kazi na presioni ya bari kadhaa. Taa inangoja mpaka karibu hakuna kitu tena. Sisi wa mashamba tunajua alama za namna hii. Mahindi yakijikunja majani saa saba mchana, jua ni kali, jioni yatanyooka. Yakiwa yamejikunja asubuhi mapema, mbele ya jua, maji yamekosekana tangu siku mingi na sehemu ya mavuno imeshakwenda. Taa nyekundu ni mahindi ya asubuhi.

Kwa hiyo ikiwaka unapotembea: toka barabarani fasi yenye usalama na uzime moteri. Si kufika kwenye garaji iliyo nyuma ya kona ile, si kumaliza kupanda Kadutu juu abiria wanalalamika. Uzime. Ngoja dakika tano ao kumi mafuta yashuke, kisha upime kwa kijiti. Kama yamepunguka, ongeza yale yale ao yanayofanana, angalia chini kama kuko yanayovuja, kisha uwashe. Taa ikizimika ndani ya sekunde chache, unaweza kwenda polepole kwa fundi kutafuta yamepotelea wapi. Isipozimika, gari inavutwa kwa kamba. Ni haya, ni kuchelewa, lakini kamba ni bei ndogo.

Saa ingine inawaka kidogo tu kwenye kona ao kwenye mlima mkali, kisha inazimika. Watu wanasema « ni waya tu ». Inaweza kuwa waya. Lakini inaweza pia kuwa mafuta yamepunguka mpaka yanakimbilia upande mmoja wa karteri, na pampu inafyonza hewa. Pima mbele ya kuamini waya.

Na kama kijiti kinaonyesha mafuta ni sawa lakini taa bado ni nyekundu? Kuko sababu mingi: manokontakti imeharibika, chujio la pampu limezibwa na uchafu, filta ni mbaya, pampu imechoka, kusineti zimeliwa. Fundi atakuambia haraka: « Bana, ni kapteri tu, tunabadilisha, inaisha. » Muulize kwa heshima kama yuko na manometa. Inafungwa fasi ya manokontakti, moteri inawashwa, na sindano inasema presioni ya kweli. Ni kazi fupi. Fundi mzuri hatakasirika. Yule anayebadilisha kapteri bila kupima, ao anayekata waya ili taa isikusumbue, amekuuzia ukimya.

Hapo njo nasema neno kwa wale wanaotafuta gari sasa. Muuzaji atakuonyesha tablo: « Angalia mwenyewe, hakuna hata taa moja inawaka, mutuka iko muzuri. » Tablo safi si ushuhuda. MAINT REQD inazimwa kwa dakika mbili, mmeona vile. Na taa nyekundu inaweza kutolewa balbu ao kukatwa waya. Kuko kipimo ambacho hakiombi hata franga moja: fungua kontakti bila kuwasha moteri. Taa nyekundu ya mafuta inapashwa kuwaka hapo. Ni kawaida, juu pampu haijazunguka na hakuna presioni. Kisha washa: inazimika ndani ya sekunde chache. Kama haikuwaka kabisa ulipofungua kontakti, kuko kitu kilichoharibika ao mtu ameificha, na unapashwa kuuliza kwa nini. Kisha acha moteri ipate moto vizuri, dakika kumi na tano ao ishirini za kutembea, si ya baridi asubuhi, na uangalie kwenye ralanti. Taa ikianza kupepesa wakati moteri ni ya moto na inazunguka polepole, moteri hiyo imechoka. Wauzaji wengine wanatia mafuta mazito kuliko yanayoombwa ili kufunika ugonjwa huo, njo maana kipimo cha moteri ya baridi hakitoshi.

Angalia pia kwenye pembe ya mlango wa shofere. Magari ya Japani mara mingi yanakuja na karatasi ndogo ya vidanje iliyobandikwa hapo. Herufi hatuzisomi, lakini namba tunazisoma: kilomita na tarehe. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu ya wafalme wao. Kama ni Heisei, ongeza 1988: mwaka 25 ni 2013. Kama ni Reiwa, ongeza 2018: mwaka 2 ni 2020. Linganisha kilomita za karatasi na za tablo. Karatasi ikisema 118000 na tablo inasema 74000, sihitaji kuandika zaidi.

Turudi kwenye kijiti cha kupimia, juu njo chombo cha kweli kwenye hadisi hii yote. Gari fasi ya sawasawa, moteri imezimwa angalau dakika tano. Vuta, pangusa kwa kitambaa safi, rudisha mpaka mwisho, vuta tena, soma. Mafuta yakae kati ya alama mbili. Kwa moteri ndogo mingi, kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu litre moja, kwa hiyo ukiongeza, ongeza kidogo kidogo. Kupitisha alama ya juu si wema: vilbreke inayapiga, yanatoa povu, na povu halibebi chuma. Rangi nyeusi peke yake isikutishe, hasa kwa moteri ya mazuti, yanageuka nyeusi haraka nyuma ya vidanje. Ogopa rangi ya kahawa yenye maziwa, ni maji yameingia, mara mingi joenti ya kulasi. Ogopa harufu ya esanse. Ogopa pia mafuta yanayopanda bila mtu kuyaongeza. Mara moja kwa wiki kwa gari ya nyumbani. Kwa taksi, kila asubuhi.

Na kilomita ngapi kati ya vidanje mbili? Hapa sikubaliani na wale wanaongoja taa. Zile maili 5000 zilipangwa na watu waliofikiria matumizi ya kawaida ya Marekani. Vitabu vya watengenezaji vyenyewe vinasema kwamba vumbi, safari fupi fupi na moteri kuzunguka muda mrefu gari ikisimama vinaomba mafuta yabadilishwe mapema. Soma orodha ile tena: ni Bukavu wanaeleza! Taksi inayokaa kwenye foleni ya Nyawera moteri ikizunguka inakula mafuta yake bila kuongeza hata kilomita moja kwenye hesabu. Hesabu ya kilomita haijui foleni. Ni sawa na kalenda ya kumwagilia inayosema « kila siku tatu » bila kuuliza kama udongo ni wa mchanga ao wa mfinyanzi. Kwa taksi ya hapa mimi ningekaa kwenye kilomita 4000 ao 5000, filta mpya kila mara, na mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu ao kwenye kifuniko cha moteri, kutoka bidoni iliyofungwa ambayo mimi mwenyewe nimeifungua. Corolla yenye moteri 1NZ inaomba litre 3.7 pamoja na filta. Fundi anayekuomba litre tano kwa moteri hiyo, muulize zingine zinakwenda wapi.

Kurudisha taa kwenye sifuri kunakuja mwisho kabisa: bulo ya chini imefungwa, filta imefungwa, mafuta yametiwa, moteri imezunguka dakika moja, umepima tena kwa kijiti, hakuna tone chini. Hapo tu njo unabonyeza. Na uandike kilomita na tarehe kwenye kipande cha karatasi, ukibandike pembeni ya mlango sawa Wajapani. Kama gari yako haina taa ya kikumbusho, karatasi ile njo kikumbusho chako, na shofere wa zamu ya usiku anaisoma pia.

Neno moja la agronomia, juu siwezi kuliacha. Ukifanya vidanje nyumbani, utabaki na litre tatu ao nne za mafuta machafu. Yana vyuma vizito vilivyotoka kwenye moteri na masizi yenye sumu. Watu wanayamwaga kwenye mferiji, na mferiji ule unapita kwenye lengalenga ambayo mama mmoja atauza sokoni kesho, kisha unashuka kwenye ziwa. Wengine wanapaka kwenye miti ya uzio ili mchwa usile. Kwa uzio mbali na shamba mtajitetea. Kwa miti ya kusimamishia nyanya, hapana. Kusanya kwenye bidoni ya zamani, funga vizuri, peleka kwa garaji inayoyakusanya kwenye pipa. Uliza kwanza pipa likijaa linakwenda wapi, juu garaji zingine zinamwaga kwenye mferiji ule ule, usiku.